Nilitumia Kifo cha Jirani

Nilisema uongo mbele ya mkutano wa mtaa, na watu wakaniamini kwa sababu aliyesema ni mimi. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa uhariri wa habari. Kijana akiniletea habari kwamba mtu amekufa kwa uzembe wa fulani, namuuliza kwanza: nani amekwambia, na nani mwingine amethibitisha? Habari yenye chanzo kimoja haivuki meza yangu. Lakini jioni ile, kipaza sauti kikiwa mkononi, nilitangaza kilichomuua jirani yangu bila kumuuliza mtu hata mmoja wa nyumbani kwake. Naandika haya kwa sababu maneno yale yalifanya kazi. Yaligeuza kura. Yaliondoa kitu kilichokuwa kinawakinga watoto wa mtaa wa pili. Na mpaka leo yanazunguka kwenye simu za watu nisiowajua.

Naishi Kijitonyama, Dar es Salaam, kwenye ile mitaa iliyobanwa kati ya Barabara ya Bagamoyo na Shekilango. Wanaoijua wanajua ilivyo. Si mipana, mingi haina njia ya waenda kwa miguu, mifereji iko wazi, na mtu akishafungua geti lake tayari yuko barabarani. Zamani gari likipita kwetu ni la mkazi, la mgeni wake, la taka, au boza la maji. Foleni ya barabara kubwa ilipozidi, na hasa ujenzi wa njia za mwendokasi ulipoanza kuelekea Mwenge na Tegeta, kila dereva mwenye haraka akatafuta pa kuchepukia. Ramani za kwenye simu zikamaliza kazi: mtu ambaye hajawahi kukanyaga Kijitonyama anaelekezwa kona kwa kona mpaka anatokea upande wa pili. Asubuhi kuanzia saa kumi na mbili, na jioni kuanzia saa kumi, mitaa yetu ikawa barabara ya watu wasiokaa hapa.

Saa hizo za asubuhi ndizo watoto wanakwenda shule. Nimewaona mara nyingi kupitia kioo cha gari langu. Mkubwa anamshika mdogo mkono, wanatembea juu ya ukingo wa mfereji kwa sababu barabara yote imechukuliwa, na gari likiwakaribia mkubwa anamgeuza mdogo uso utazame ukutani ili vumbi lisimwingie machoni. Yule mtoto hakufundishwa na mtu kufanya vile. Nami nilikuwa napita nikiwa nimefunga vioo, nikitazama saa.

Wakazi wa mtaa wa pili walichoka kabla yetu. Walichukua mapipa ya mafuta, wakayakata nusu, wakayajaza zege, wakayapaka mistari myeupe na myekundu, wakayapanga katikati ya mtaa wao. Kati ya pipa na pipa waliacha nafasi ya kupita bajaji, pikipiki, mkokoteni na kiti cha magurudumu. Gari halikuweza kukatiza. Kila nyumba ilibaki inafikika kwa gari kama kawaida, ila uingie na kutokea upande uleule. Kibali hawakuwa nacho, na hilo lilikuwa kosa lao, maana barabara hizi zina mamlaka yake na mtu hajengi anachotaka. Lakini kwa muda wote mapipa yale yalipokuwepo, watoto wa mtaa ule walicheza rede barabarani jioni. Nilisikia kelele zao kutoka kwetu.

Mmoja wa wakazi wa mtaa ule alikuwa fundi uashi, mtu mpole, aliyenijengea ukuta wa nyuma ya nyumba na kuniwekea vigae vya bafuni. Alifariki ghafla. Nilikwenda kuzika. Msibani, katika yale mazungumzo ya wanaume wanaongoja jeneza, mtu nyuma yangu alisema kwamba gari la wagonjwa lilishindwa kumfikia kwa sababu ya mapipa. Sikugeuka kumtazama aliyesema. Nililipokea neno lile nikaliweka.

Hapa lazima niseme kwa nini nililiweka. Mtaa wa pili ulikuwa njia yangu. Kabla ya mapipa, nilikuwa nakata kona mbili, napita mbele ya nyumba ya fundi, natokea Shekilango bila kugusa taa za Bamaga. Mapipa yalinirudisha kwenye foleni pamoja na watu wengine. Nilikasirika kila asubuhi, na ile hasira sikuitamka kwa sababu nilijua haina sura nzuri: mtu mzima analalamika kwamba amezuiwa kupita mlangoni kwa jirani yake. Habari ya gari la wagonjwa ilinipa sababu safi ya kuipinga hali ile bila kujitaja.

Haikupita muda, akina mama wa mtaa wangu, wakiongozwa na mwalimu mmoja wa chekechea, wakapeleka ombi serikali ya mtaa. Walitaka nasi tuwekewe vizuizi kama vya wenzetu, safari hii kwa barua na kibali. Mwenyekiti akaitisha mkutano wa wakazi. Tulikaa uwanjani, viti vya plastiki vya kukodi, wanaume upande wa kivulini. Mwalimu aliongea vizuri. Alisema hataki mtu anyang'anywe gari lake, anataka tu mtaa usiwe mchepuko. Kisha mwenyekiti akasema, “Tumsikie mzee wetu wa magazeti, yeye ameona mengi.”

Nilisimama. Nilisema barabara ni ya wote, imejengwa kwa kodi za wote, hakuna mwenye haki ya kufunga mtaa. Ombi halikuwa la kufunga mtaa, nami nilikuwa nimelisoma. Nilisema foleni haitaisha, itahamia kwa wengine. Hilo lilikuwa na ukweli ndani yake na nitalirudia. Nilisema wazee na wagonjwa watateseka. Nikaona nyuso bado hazijakubali. Ndipo nikasema: “Hatujasahau. Juzi tu tumemzika fundi wetu. Gari la wagonjwa lilifika, likasimama nyuma ya mapipa, na mtu akafa akiwa analiona.”

Hayo maneno ya mwisho, kwamba alikuwa analiona, hata kule msibani hakuna aliyeyasema. Niliyaongeza mwenyewe, pale pale, kwa sababu nilihisi sentensi inahitaji kufika mahali.

Uwanja ulinyamaza. Mama mmoja alijifunika uso kwa khanga. Kura zilipopigwa kwa mikono, wengi wa waliokuwa wamesaini ombi hawakuinua. Ombi likaanguka. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshataja mapipa ya mtaa wa pili kama kitu kilichoua, wiki hiyohiyo vijana walikwenda na minyororo na gari dogo la mizigo wakayaburuta mpaka dampo. Hakuna aliyewauliza wakazi wa mtaa ule; nani angetetea mapipa yaliyomuua fundi? Asubuhi iliyofuata nilipita pale nikatokea Shekilango.

Ukweli niliupata kwa sababu ya kazi, si kwa sababu ya dhamiri. Nilitaka kuandika makala kuhusu wagonjwa wanaokwama njiani jijini, na niliona habari ya fundi ndiyo itakayofungua makala. Kwa gazeti nilihitaji uthibitisho. Mjane wake alikuwa ameshatoka eda. Nikaenda.

Nilimkuta anageuza vitumbua barazani. Alinipa kigoda.

“Karibu shemeji. Umepotea.”

“Nimepotea kweli, shemeji. Nakuja kwa jambo la marehemu. Nataka kuandika juu ya lile gari la wagonjwa.”

“Gari lipi?”

“Lililokwama kwenye mapipa. Usiku ule.”

Aliweka kijiti chake chini. “Shemeji, hakukuwa na gari la wagonjwa. Tungelipata wapi? Na haikuwa usiku. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, ametoka kibaruani, akasema kifua kinambana.”

Alinieleza yote. Kijana wa bajaji, jirani yao, alimchukua palepale mlangoni. Kwenye mapipa walipita. “Wala hakusimama. Nafasi marehemu aliipima mwenyewe kwa bajaji ya huyohuyo kijana.” Walifika barabara kubwa, na hapo ndipo walipokwama. Magari hayasogei, mbele wala nyuma. Yeye alishuka akawa anawagongea watu vioo, anaomba wasogee kidogo bajaji ipenye. Wengine walijitahidi, lakini hapakuwa na pa kusogea. Wengine waliona mwanamke anapunga mikono wakadhani ni ombaomba, wakatazama mbele. Mumewe alikata roho karibu na Makumbusho, kichwa kikiwa mapajani mwake.

Nilimuuliza kwa nini hakusema kitu niliposema yale mkutanini. Alinitazama kama mtu anayeshangaa kuulizwa. Alikuwa ndani, kwenye eda. Mkutano aliusikia kwa watu. “Walivyonihadithia ulivyosema, nikasema labda shemeji kapata habari hospitali. Nyie wa magazeti mnajua tusiyoyajua. Nikaanza kujiuliza mwenyewe, labda lilikuja gari wakati tumeshaondoka, na sisi hatukungoja.”

Kwa miezi yake yote ya eda mwanamke huyu alikuwa amekaa ndani akijiuliza kama ni yeye aliyekosea kwa kutongoja gari ambalo halikuwahi kuwepo. Mimi ndiye niliyelileta hilo gari. Sijui namna ya kupima dhambi hii na ile ya kura, lakini usiku ninapokosa usingizi ni hii inayonijia.

Kisha akaniambia habari nyingine. Mapipa yale aliyejaza zege ni mumewe. Saruji mfuko mmoja aliutoa yeye, kokoto walichanga. Alifanya hivyo baada ya mtoto wao mdogo kukoswakoswa na gari mbele ya geti. “Walipokuja kuyaburuta niliyasikia yanavyokwaruza. Sikutoka.”

Sikuandika ile makala.

Nilichofanya badala yake ni kile nilichopaswa kufanya kabla ya kusimama mkutanini: nikaanza kutafuta kinachojulikana. Hoja ya gari la wagonjwa haikuanzia kwetu. Kule London, manispaa ya Waltham Forest ilianza kuzuia magari ya kukatiza katika mitaa ya makazi mwaka 2015, baada ya majaribio ya mwaka uliotangulia, na wapinzani walifika hadi kubeba jeneza kwenye maandamano kuonyesha kwamba mtaa wao umeuawa. Walisema hivihivi: zimamoto hawatafika, wagonjwa watakufa. Baadaye watafiti walichukua kumbukumbu za kikosi cha zimamoto za kabla na za baada ya vizuizi, wakalinganisha muda wa kufika kwenye matukio. Hawakuona ushahidi kwamba magari ya zimamoto yalichelewa ndani ya mitaa ile. Uchunguzi mwingine wa eneo hilohilo ulikuta watu wanaojeruhiwa kwa ajali ndani ya mitaa iliyozuiwa wamepungua sana, na kwenye barabara za pembezoni hawakuongezeka.

Najua London si Dar es Salaam. Kule namba ya dharura ukipiga linakuja gari lenye vifaa. Lakini tofauti hiyo haikuipa nguvu hoja yangu, iliibomoa. Hapa kwetu mgonjwa wa ghafla hubebwa na bajaji, teksi, pikipiki, au gari la jirani. Vyombo vinavyookoa watu wa mitaa yetu ndivyo hivyohivyo fundi aliviachia nafasi ya kupita. Na kinachowazuia wasifike hospitali ni wingi wa magari kwenye barabara kubwa, ambako jioni ile, kwa yote ninayoyajua, huenda nami nilikuwemo. Gari la zimamoto ndilo lenye swali la haki, kwa kuwa haliwezi kupenya kati ya mapipa. Jibu lake lipo na linatumika miji mingi: nguzo ya katikati inayong'oka kwa ufunguo, na ufunguo uwe kwa mwenyekiti na kwa zimamoto. Fundi angeitengeneza kwa siku moja kama kuna mtu angemwambia.

Nikasoma pia juu ya Donald Appleyard, mwalimu wa mipango miji wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alichagua mitaa mitatu ya San Francisco inayofanana, ila mmoja ulipitiwa na magari kama 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, wa tatu 16,000. Aliwauliza wakazi wana marafiki wangapi mtaani kwao. Wa mtaa mtulivu walitaja wastani wa marafiki watatu kila mmoja. Wa mtaa wa magari mengi hawakufika hata mmoja. Aliwaomba pia wachore eneo wanalolihesabu kuwa ni kwao. Wa mtaa mtulivu walichora mtaa mzima, wa mtaa wa magari wakachora nyumba zao tu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1981. Mwaka uliofuata aligongwa na gari Athens akafa.

Niliposoma hilo la michoro nilitoka nje nikatazama mtaa wetu. Baraza la mbele ya duka, ambapo wazee walikuwa wanacheza bao, lina nondo na mlango wa chuma sasa. Yule mzee aliyekuwa anakaa chini ya mwarobaini anakaa ndani ya geti lake. Hakuna aliyewafukuza. Waliondoka mmoja mmoja kwa sababu ya honi na vumbi, na mimi niliyekuwa napita hapo kila siku nilidhani wamezeeka.

Na wala hakukuwa na haja ya kwenda Marekani. Hapahapa Dar es Salaam shirika la Amend limefanya kazi kwa miaka mingi kuzunguka shule za msingi: njia za miguu, matuta, vivuko, nguzo za kutenganisha watoto na magari, na mahali pengine geti la shule kuhamishwa litazame mtaa wenye magari machache. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute. Tathmini ilionyesha majeruhi wa barabarani miongoni mwa watoto wa shule hizo wakipungua kwa takriban robo. Mhariri wa habari wa jiji hili hana udhuru wa kutojua hilo.

Lakini kilichonivunja nguvu zaidi kilinijia bila kitabu. Nilisema mkutanini kwamba hakuna mwenye haki ya kufunga mtaa. Dar es Salaam sisi hufunga mitaa kila wiki. Ikitokea msiba, turubai linasimamishwa barabarani kutoka ukuta hadi ukuta, viti vinapangwa, masufuria yanawekwa juu ya mafiga, na kwa siku tatu hakuna gari linalopita. Harusi ni hivyohivyo, na maulidi, na ibada za jumuiya. Dereva anafika, anaona turubai, anapunguza taa, anarudi nyuma taratibu hadi kona ya mwanzo. Hapigi honi. Hakuna anayesimama kusema barabara ni ya kodi za wote. Kila mtu anaelewa kwamba watu waliokusanyika pale wana haki kubwa kuliko haraka yake, na kwamba njia nyingine ipo.

Msiba wa fundi ulifunga mtaa wa pili kwa namna hiyo. Mimi mwenyewe nilifika na gari, nikaona turubai, nikageuza kwa heshima, nikaegesha mbali, nikaenda kwa miguu. Tulimpa mtaa wake siku zile tatu bila mabishano. Alipokuwa hai alitaka sehemu ndogo tu ya hayo: watu waendelee kupita, bajaji ipite, mwenye nyumba aingize gari lake, ila asiyekaa pale asigeuze kwao njia. Hilo nililipinga kwa sauti ya juu, nikitumia jina lake.

Nilirudi kwa mjane kumuuliza anataka nifanye nini. Nilikuwa tayari kuandika gazetini. Hakulitaka gazeti. Alisema, “Sema palepale uliposemea, kwa watu walewale.” Akaongeza kwamba mtoto wake mkubwa atakuwepo na anataka aisikie kweli.

Mwenyekiti hakufurahia. Alisema mambo yale yameshapita, watu wametulia, kwa nini niwafufulie. Nilimwomba dakika chache kabla ya ajenda za mkutano uliofuata. Nilisimama nikasema nilichosema mara ile hakikuwa kweli, kwamba hapakuwa na gari la wagonjwa, kwamba maneno ya mwisho nilitunga, na kwamba nilikuwa na maslahi yangu kwenye njia ile ambayo sikuyataja. Nilisema mapipa hayakumgusa fundi, foleni ndiyo iliyomkwamisha. Nilimtazama kijana wake niliposema hivyo. Hakunitazama.

Sikusamehewa kwa makofi, na sikustahili. Mzee mmoja alisema nimewafanya wapige kura dhidi ya wajukuu wao. Mwalimu wa chekechea hakusema lolote kunihusu. Alifungua daftari lake akauliza kama ombi lake sasa linaweza kurudi mezani. Kijana mmoja mwenye gari alisema hata bila uongo wangu angelipinga, na sababu zake akazitaja moja moja. Nilimheshimu kwa hilo. Kupinga vizuizi si dhambi. Mwenye genge la kona ana hofu ya kweli, kwa sababu wateja wake wa jioni ni madereva wanaosimama kununua nyanya. Baba mwenye mtoto asiyeweza kutembea alitaka kuhakikishiwa kwamba gari litafika mlangoni, akahakikishiwa, akaridhika. Watu wale walibishana juu ya mambo yaliyopo. Mimi niliwanyima nafasi hiyo mara ya kwanza.

Ile hoja yangu kwamba foleni itahamia kwa wengine bado inatusumbua. Mtaa wa tatu kutoka kwetu una shule ya msingi, na tukizuia miwili yetu, wenye haraka watapita kule. Mwalimu ndiye aliyesema ombi liwe la mitaa yote mitatu kwa pamoja au lisipelekwe, kwa sababu hataki watoto wake wa chekechea wapone kwa gharama ya watoto wa darasa la kwanza. Limeandikwa hivyo. Limepelekwa kwa mamlaka husika pamoja na mchoro wa nguzo zinazong'oka, na tunasubiri majibu. Sina hakika litakubaliwa. Mapipa ya fundi hayakupatikana tena. Dampo wanasema watu wa chuma chakavu walishayavunja.

Bado naendesha gari. Napita Bamaga na taa zake, nachelewa kama wanavyochelewa wengine, na bajaji ikinipigia honi kwa nyuma nasogea bila kuuliza imebeba nini.

Limebaki jambo moja ambalo siwezi kulimaliza peke yangu. Siku ile ya kwanza mtu alinirekodi kwa simu. Klipu ile ya sauti imesambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa mingi, na nimeambiwa ilichezwa kwenye mkutano mmoja kule Tabata, wakazi walipokuwa wanaomba matuta karibu na shule. Ombi lao lilikataliwa. Anayeongea kwenye klipu ile ni mimi. Habari ya gari la wagonjwa iliyomo ni ya uongo, na marehemu anayetajwa mle ndiye aliyejaza zege kwenye mapipa yale kwa mikono yake. Ikikufikia, ifute. Na kama ulishawahi kuitumia kuwakatalia watu jambo, rudi kwao, uwaambie mwenye sauti ameikana, uwasikilize upya.